Lori Linalokwenda Thelathini Likiwa Limeegeshwa

Benchi la kinyozi lina miguu mitatu na matofali mawili, na ukikaa upande wa matofali, omba wenzako wasiinuke ghafla. Liko kwenye kona, chini ya kibao chenye picha za mitindo ya nywele ambayo kinyozi mwenyewe hawezi kuinyoa hata mmoja. Jumamosi hiyo alasiri watu walikuwa wamejaa kamili: Kinyozi, kitana sikioni; Redio, aliyekuwa kondakta wa basi na tangu astaafu hajawahi kunyamaza; Fundi Waya, fundi umeme wa magari, utepe wake mwekundu wa kufungia waya ameuvaa mkononi kama bangili; na mzee wa kahawa na birika lake. Mbele yao lilisimama lori kuukuu la Sitini, mlango wazi, na mwenyewe Sitini amekaa upande wa matofali, uso umemshuka. Injini ilikuwa imezimwa. Kwenye dashibodi, mshale wa mita ya spidi ulikuwa umetulia kwenye thelathini.

— Nakuuliza tena, Fundi, — Sitini akasema. — Lori limezimwa. Funguo ninazo mfukoni. Magurudumu nimeyawekea mawe. Kwa nini linakwenda thelathini?

— Haliendi. Linaonyesha tu.

— Thelathini ya nini?

— Ya akiba, — Fundi Waya akajibu, akapuliza kahawa yake.

Sasa nikwambie kuhusu huyu Sitini, ujue kwa nini jambo hili lilimkata maini. Miaka thelathini anaendesha lori hilohilo, anabeba mchanga, matofali na vyombo vya watu wanaohama, na miaka yote hiyo mshale wake haujawahi kuvuka sitini. Kuku walimvukia barabara kwa raha zao. Waendesha baiskeli walimpita na kumsalimia. Ndipo difu, ile inayopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma, ikafa, akanunua nyingine kutoka kwa lori bovu la aina tofauti, ikafungwa, na tangu siku hiyo mambo yakabadilika. Mshale ulisema sitini kama kawaida, lakini miti ya barabarani ilikuwa inarudi nyuma kwa kasi ambayo hakuizoea. Jumatano akalipita basi.

— Basi zima? — Kinyozi aliuliza, ingawa kisa alishakisikia mara nne.

— Zima. Na abiria wake.

— Wewe!

— Mimi. Dereva akanitolea kichwa dirishani, akadhani breki zimenikatikia.

Kijiwe kizima kikacheka, na Sitini naye akacheka, maana ukweli ni kwamba alifurahi sana siku ile. Kisha akaangalia tena ule mshale, kicheko kikaisha.

— Nieleweshe mimi mtu wa makasi, — Kinyozi akasema. — Difu na mita vinajuana wapi?

Fundi Waya akaweka kikombe chini. Alipenda kuulizwa.

— Havijuani, ndiyo taabu yenyewe. Mita haiangalii magurudumu. Inaangalia propela, lile chuma refu linalozunguka chini ya gari, pale inapotokea kwenye giaboksi. Difu ya zamani, propela ilizunguka mara sita ndiyo gurudumu lizunguke mara moja. Hii mpya, propela haijatimiza hata mara tano, gurudumu limeshamaliza. Mita bado inahesabu kwa zile sita za zamani. Difu imebadilishwa, mita haikuambiwa. Kwa hiyo inapunja.

— Basi iambiwe!

— Inaambiwa kwa kigurudumu kidogo cha plastiki, chenye meno, kinakaa pale waya wa mita unapoingia. Ukiweka chenye meno machache zaidi, mshale unarudi kusema kweli. Nimeshaagiza.

— Kinafika lini?

— Wiki ijayo. Au ile inayoifuata wiki ijayo.

— Mimi nasafiri kesho, — Sitini akasema.

— Ndiyo maana nikakusaidia. Nimeung'oa mshale, nikausogeza mbele thelathini. Inakupunja, nimekufidia.

— Thelathini umeipata kwa kipimo gani?

— Kwa jicho la fundi. Usione vyaelea, vimeundwa.

— Hapa hakuna kinachoelea, — Redio akadakia. — Hapa kuna kilichozama. Tena mimi ningekuwa wewe Sitini nisingesikitika hata kidogo. Mita inapunja? Ipunje! Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Kilomita mia mbili za kwenda kwa binti yako, mita hii itakuandikia mia na ushee. Umefika kabla hujafika.

— Na hizo nyingine zinakwenda wapi? — akauliza mzee wa kahawa.

— Zinabaki barabarani. Watazitumia wengine.

Kinyozi alikuwa ametulia, jicho moja kalifumba, dalili kwamba anakuja na kitu kizito.

— Ninyi nyote mmekosea, — akasema. — Mnasema lori limesimama. Nani kawaambia limesimama?

— Si hilo hapo!

— Limesimama juu ya nini?

— Juu ya ardhi.

— Na ardhi imesimama? Dunia inazunguka, mabwana. Hata mtoto wa shule anajua. Mita zote zimezoea, haziisikii tena. Hii Fundi ameiamsha. Inasoma mwendo wa dunia!

Hata Fundi Waya alionekana kuwaza kwamba huenda amefanya kazi kubwa kuliko aliyoikusudia.

— Dunia ndiyo inakwenda thelathini tu? — Sitini akauliza.

— Huku kwetu pembeni. Katikati inakimbia zaidi.

— Basi tuligeuze lori! — Redio akaruka. — Kama ni dunia, lori likitazama upande wa pili, mshale utarudi nyuma. Mkataa pema, pabaya panamwita. Sitini, washa!

Ukitaka kujua ugonjwa wa kijiwe ni huu: mtu mzima, mwenye mke na binti aliyeolewa, akainuka kweli, akaondoa mawe, akapanda, akageuza lori katikati ya mtaa huku wenye mikokoteni wakimtukania kila ukoo. Alipozima injini wote walikuwa wamesongamana mlangoni, vikombe mkononi. Mshale ukateremka taratibu, ukafika thelathini, ukakaa.

— Mmeona? — Kinyozi akasema. — Na dunia nayo imegeuka.

— Mimi nauliza moja tu, — mzee wa kahawa akasema. — Likilala hapa mpaka asubuhi, linakwenda hiyo thelathini, kesho mtalikuta wapi?

— Nchi ya watu, — Redio akajibu. — Tena bila pasi ya kusafiria.

Walicheka mpaka Kinyozi akamwagikiwa na kahawa. Sitini peke yake hakucheka. Alirudi upande wake wa matofali, akaishika kofia yake kwa mikono miwili.

— Jamani, — akasema, — shemeji yenu kesho anapanda lori.

Kicheko kikakatika. Wote walijua. Miaka tisa iliyopita Sitini alikuwa na mkewe ndani ya lori, wakafika kwenye mteremko mrefu, na kwa kutaka kumfurahisha akaliachia lori bila gia, huku akiimba. Mshale ulibaki sitini. Hilo anaapa mpaka leo. Lakini lori lilitikisika, mizigo ikapiga kelele, na walipofika bondeni mkewe akasema neno moja tu, "Simama." Akashuka, akachukua kikapu chake, akatembea kwa miguu hadi nyumbani. Hakumnunia mumewe hata siku moja. Alimpikia, alimcheka, alimfulia kofia. Ila lori hakupanda tena. Kitambaa cha kiti cha abiria, alichokishona mwenyewe kwa maua ya njano, kilibaki kama kilivyokuwa, na Sitini hakumruhusu mtu kukikalia. Wapakiaji wake wote walikaa nyuma pamoja na mizigo.

Sasa binti yao alikuwa amejifungua mapacha. Mama yao akasema atakwenda kwa lori, wabebe na vitanda vya watoto. Lakini akaweka sharti: mshale usivuke sitini, na yeye akae mahali anapouona. Sitini alikubali kabla sentensi haijaisha.

— Akiuona huo mshale unasoma thelathini kabla sijawasha, hapandi, — Sitini akasema. — Namjua. Atageuka palepale mlangoni.

— Basi niurudishe kwenye sifuri, — Fundi Waya akasema. — Dakika mbili tu.

Akaingia ndani ya lori, akafungua kioo cha mita, mshale ukarudi sifuri. Redio alimsubiri atoke, kisha akasimama mbele ya benchi kama yuko mlangoni mwa basi.

— Sasa kila mtu kapata chake! Shemeji anataka mshale usivuke sitini? Hautavuka. Lori litakwenda zake sabini na kitu huko chini, mshale umetulia sitini kama bibi harusi. Shemeji ana amani, wewe unawahi, mapacha wanapata vitanda. Usilolijua ni usiku wa kiza, na usiku ndipo watu hulala vizuri! — akamaliza, akarudi benchini.

— Kweli kabisa, — Kinyozi akasema.

— Mimi sipingi, — Fundi Waya akasema.

Mzee wa kahawa alimmiminia Sitini kikombe kimoja zaidi, nayo ni kura.

Sitini alikipokea. Kusema haki, shauri lilimwingia. Angekaa naye kilomita mia mbili, bega kwa bega, na asingekuwa amevunja sharti lake lolote. Alijaribu kuipenda picha hiyo akashindwa. Kila akimwona mkewe kwenye kile kiti, alimwona ameukazia macho mshale na kuuamini, na moyo ukamuuma.

— Hamjambo mashemeji?

Wote wakasimama kwa mkupuo, kwa heshima na kwa hatia, isipokuwa Sitini aliyechelewa, na benchi likampindukia. Mkewe aliwakuta wanne wima na mumewe chini, miguu juu, kahawa kifuani. Alikuwa ametoka dukani kwake, milango mitatu kutoka hapo: utepe wa kupimia shingoni, pini zimepangwa kwenye ukosi, na mto mdogo mpya kwapani.

— Hatujambo, shemeji! Karibu, shemeji! Shikamoo, shemeji! — akasema Redio, ambaye ni mkubwa kwake kwa miaka kumi na tano.

— Nimekuja kupima kiti, nione kama mto huu unakaa, — akasema. — Baba watoto, inuka nikuulize. Jana umerudi nyumbani saa ngapi?

— Saa… ya kawaida.

— Nilikuwa bado nashona mkono wa pili wa gauni. Miaka yote ukirudi unakuta nimeshafunika cherehani.

— Barabara ilikuwa nyeupe.

— Na Jumatano?

— Nyeupe pia.

— Mke wa dereva wa basi alikuja kuchukua sketi yake. Anasema mumewe amepitwa na lori, tangu siku hiyo hali chakula vizuri.

Kinyozi akawa anakichunguza kitana chake kama ndiyo kwanza anakiona.

— Nakuuliza wewe, — mama akasema, sauti ileile ya upole, na ndiyo iliyomtia Sitini jasho. — Mshale ukisema sitini, ni sitini?

Redio akafungua kinywa. Sitini akamwahi.

— Siyo, — akasema. — Siyo, mama watoto. Tangu tubadilishe difu unanidanganya. Ukisema sitini, lori linazidi. Linazidi kiasi gani sijui. Tumeurudisha sifuri sasa hivi ili usigundue.

— Tumeurudisha, nani na nani?

— Mimi. Nilitaka upande. Miaka tisa naongea na kiti, na hakijanijibu.

Mkewe alisogea mpaka mlangoni mwa lori, akakiangalia kile kitambaa cha maua ya njano. Njano ilikuwa bado njano. Akakipapasa, akakuta hakina hata alama ya mkao wa mtu, na alisimama pale kwa muda mrefu kuliko unaohitajika kukagua mshono. Aliporudi kwenye kona macho yake yalikuwa yameloa kidogo, ila sauti ilikuwa ya mtu wa kazi.

— Sawa. Ninyi wajuzi wa magari. Lori likienda sitini kwa saa, kilomita moja linaimaliza kwa muda gani?

Wakatazamana.

— Inategemea barabara, — Redio akasema.

— Na mzigo, — Fundi Waya akasema.

— Na upepo, — Kinyozi akasema. — Na dunia inazungukia upande gani.

— Na kama kuna punda, — mzee wa kahawa akasema.

Mama akamgeukia mumewe. Sitini akakuna kichwa. Miaka thelathini anaenda sitini, jina lenyewe amepewa kwa hiyo sitini, na hakuwahi hata siku moja kujiuliza.

— Saa moja ina dakika ngapi?

— Sitini! — wakajibu wote kwa pamoja, kama darasa.

— Kwa hiyo?

Mzee wa kahawa akainamisha birika juu ya kikombe chake mwenyewe apate la kufanya. Halikutoka hata tone.

— Dakika moja, — mama akasema. — Kilomita moja kwa dakika moja. Vibao vya kilomita bado viko kule barabara kuu, au na vyenyewe mmevisogeza?

— Vipo, — Sitini akasema.

— Nipe saa yako ya mkononi. Fundi, naomba huo utepe mwekundu. Twende.

— Wapi?

— Kupima. Mimi mtu simkatii nguo kwa jicho.

Fundi Waya akavua utepe wake akautoa kwa mikono miwili, akabaki anaangalia viatu vyake. Mama akarusha mto kitini, akashika upande wa mlango, akapanda. Alipanda tu hivi, kama mtu anayepanda kila siku, na Sitini akazunguka kwenda upande wake akijikwaa kwenye mawe aliyoyaondoa mwenyewe.

Barabara kuu ilikuwa tupu. Sitini akaufikisha mshale kwenye sitini, akaushikilia hapo, na kibao cha kwanza kilipopita mama akasema "Sasa!" Mkono mmoja ulishika mpini wa mlango kwa nguvu mpaka vidole vikakakamaa, ule wenye saa haukutikisika. Kibao cha pili kikapita.

— Sekunde arobaini na nane. Inabana. Punguza.

Wakarudia, mshale kwenye hamsini.

— Hamsini na saba na kitu. Bado inabana kidogo kiunoni. Legeza.

Mara ya tatu Sitini alipunguza kama unywele, mshale ukashuka chini kidogo ya hamsini, akaushikilia huku amezuia pumzi. Vibao vikapita, kimoja, cha pili.

— Sitini kamili! — mama akapiga kelele, akampiga mumewe begani. — Imekaa!

Akakata kipande chembamba cha utepe kwa meno, akainama, akakibandika juu ya kioo cha mita, palepale uliposimama mshale.

— Mpaka hicho kigurudumu chenu kifike, sitini yako ni hapa. Nikiona mshale umevuka wekundu, nashuka.

— Hautavuka.

— Najua.

Waligeuza, wakapita kijiweni polepole. Kijiwe chote kilikuwa kimesimama ukingoni mwa barabara, vikombe vitupu mkononi, na Redio akipaza sauti kuuliza imekuwa dakika ngapi. Sitini akaanza kukanyaga breki ili amteremshe mkewe dukani.

— Usisimame, — mama akasema. — Zunguka tena.

— Si umeshapata kipimo?

— Nadhani nilikosea sekunde moja.

Sitini akamtupia jicho. Saa ilikuwa mapajani kwake, imelala kifudifudi, na yeye ameegemea mto wake mpya, mkono nje ya dirisha, anatazama miti. Akapita kona, akarudi barabara kuu, akauweka mshale juu ya ule wekundu. Lile basi la Jumatano likawajia nyuma, likawapita likipiga honi kwa furaha ya kisasi, na Sitini akalipungia mkono mpaka likapotea. Walipofika mwisho wa barabara iliyonyooka, alianza kuimba, kwa sauti ya chini, kwa woga kidogo. Mkewe akamwacha amalize ubeti wa kwanza, kisha akaitikia.